Mgonjwa wa Kwenye Phonie

Watu wa Kitumbi walinijua kwa sauti tu. Kwa miaka mitatu nilizungumza nao kila siku isipokuwa Jumapili. Nilijua nani amejifungua, nani ameangukiwa na shimo la dhahabu, nani ameoa mke wa pili na bado anamficha wa kwanza, lakini hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuona uso wangu. Walidhani mimi ni mama mnene. Raphaël, mwenzangu wa upande wa pili, aliniambia siku moja kwamba nina sauti ya mtu aliyeshiba. Nilicheka sana, peke yangu mle chumbani, halafu nikaacha, kwa sababu kucheka peke yako hakuendi mbali.

Jina langu ni Micheline. Wakati wa vita nilikuwa mtu wa phonie katika ofisi ya shirika dogo la kanisa pale Muhumba, Bukavu. Phonie ni redio ya kuzungumzia: unabonyeza unasema, unaachia unasikia, na kila mwenye redio kama yako, awe padri, mnunuzi wa dhahabu au mwanajeshi, anasikia pia. Barabara ya Mwenga ilikuwa imejaa vizuizi, posta ilikuwa imekufa zamani, na simu huko vijijini haikuwahi kuzaliwa. Kitumbi, kijiji cha wakulima na wachimbaji ndani kabisa ya msitu, kilikuwa na redio moja, betri ya gari moja na Raphaël, ambaye alikuwa muuguzi na pia kiongozi wa kwaya. Upande huu kulikuwa na mimi.

Mwaka 2001 ofisi ikapata intaneti. Usifikirie intaneti ya leo, ya kila mtu kuinama juu ya simu yake. Ilikuwa kompyuta moja iliyofungwa kwenye simu ya setilaiti. Tuliifungua mara mbili kwa siku, saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Ikatuma barua zilizoandikwa, ikapokea zilizokuja, tukaifunga. Habari zikafika Kitumbi kwamba Micheline sasa ana mashine inayofika Ulaya, na kuanzia hapo nikageuka posta. Mwenye kaka Ubelgiji alikuja kwa Raphaël, akasema maneno yake kwenye phonie, mimi nikayaandika na mashine ikayatuma. Jibu likija nililisoma kwa sauti, na msitu mzima ukasikia. Hakuna aliyelalamika. Walisema afadhali barua inayosikiwa na majirani kuliko barua isiyofika.

Nikiri jambo moja mapema: sikuzisoma kama zilivyoandikwa. Watu wakikaa mbali huanza kuandika kwa ukavu. Mtu anamwandikia mama yake mistari miwili, bila hata kuuliza kama amelala vizuri. Mimi niliongeza salamu. Niliuliza habari za magoti, za mbuzi, za shangazi. Maneno makali niliyapunguza. Nilijiona fundi kwa kazi hiyo, na watoto wengi walioko ng'ambo walishukuriwa kwa upole ambao ulikuwa wangu.

Kulikuwa pia na Barthélemy. Huyu alikuwa fundi mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyefanya kazi zamani Lwiro kwenye mashine za kupima matetemeko ya ardhi. Alikuja kwetu na mradi wenye jina refu la Kifaransa ambalo yeye peke yake alilimaliza bila kupumua. Maana yake ilikuwa rahisi: Kitumbi kipate kompyuta yake ndogo, mtambo wa jua, na kisanduku cha kugeuza milio ya phonie kuwa maandishi. Barua zingefika kijijini zimeandikwa, kila mtu yake, bila kupita mdomoni mwangu. Vifaa vilifika uwanja wa ndege wa Kavumu, na pale vikakwama. Waliokuwa wakitawala wakati ule walitaka kujua kwa nini kijiji cha machimbo kinahitaji kompyuta yenye antena. Barthélemy alividai kwa miezi mitano.

Aliniomba niandike barua za kuvidai, kwa kuwa Kifaransa changu cha ofisini kilikuwa kizuri kuliko chake. Niliziandika. Lakini niliziandika polepole, nikisema leo hakuna karatasi, kesho mkubwa hayupo. Nilijua ninachofanya. Kisanduku kile kikifika Kitumbi, nani angeniita kila asubuhi?

Mume wangu Gracien alipanda ndege kwenda Kinshasa tarehe ishirini na saba Julai 1998, kwa mafunzo ya wiki mbili. Tarehe mbili Agosti vita vikaanza na nchi ikakatika vipande. Yeye akabaki upande mmoja na mimi upande mwingine, hakuna ndege, hakuna simu, hakuna barua. Hatukuwa na watoto. Nilihama nyumba tuliyopanga, nikaingia kwenye vyumba viwili nyuma ya ofisi, pamoja na sahani zake, kwa maana sikujua mtu anazipeleka wapi sahani za mume aliye hai. Intaneti ilipofika, mtu wa kwanza niliyemwandikia ni Edouard, kaka yake, aliyefanya kazi Kinshasa katika ofisi yenye kompyuta. Gracien akajibu mwenyewe. Nililia juu ya ile kompyuta mpaka mkubwa wangu akaniambia nitaiharibu.

Aliandika kila wiki kwa zaidi ya mwaka. Kisha mwezi wa tatu wa 2002 akaacha, na Edouard akaanza kuandika kwa niaba yake. Gracien ana homa. Gracien homa imemshika ini, hawezi kufika mjini. Gracien anakusalimia, uombe sana. Niliudhika. Homa gani ya miezi minne? Nilijua Kinshasa na wanawake wake, au nilidhani najua, na nikamwandikia Edouard kwamba amwambie ndugu yake kama ameoa aseme tu, mimi si mtoto. Edouard alichukua wiki mbili kujibu. Akasema si hivyo, dada. Nikaudhika zaidi.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mwezi wa saba, ilipoingia barua ya Adalbert.

Ilikuwa Jumanne, saa nne. Adalbert aliandika kutoka Nairobi, alikokuwa akiishi chumba kimoja na Bienfait wa Kitumbi, kijana aliyekimbia vita mwaka 1999 akapata kazi kwenye karakana ya samani. Barua ilikuwa fupi. Bienfait aliumwa kichwa Ijumaa, akafa Jumapili hospitalini, wamemzika Jumatatu. Tafadhali mwambieni mama yake taratibu.

Mama yake ni Maman Agathe, na Jumanne ilikuwa siku yake. Kila Jumanne alitoka shambani na kuja kukaa kwa Raphaël akingoja barua ya Bienfait, ije isije. Kwa hiyo nilipofungua phonie saa tano, nikiwa na karatasi mkononi, sauti ya kwanza niliyosikia haikuwa ya Raphaël. Ilikuwa yake, akiuliza kama mtoto ameandika.

Kwetu kifo hakisemwi hivyo. Mtu anaambiwa mgonjwa wake amezidiwa, aje. Anakuja, anaona viti vimetolewa nje na wanaume wamekaa bila kuongea, na mwili wake unaanza kuelewa kabla ya masikio. Mmoja anamshika mkono, mwingine ametandika mkeka, na mkubwa mmoja anamwambia akae chini. Ndipo anaambiwa. Hakuna anayeambiwa akiwa amesimama, wala akiwa peke yake. Na phonie haikuonyeshi kama mtu amesimama au amekaa. Haikuonyeshi kama kuna mkono karibu naye. Hata shetani asingemwambia mama jambo lile ndani ya chuma, huku wanunuzi wa dhahabu wakisikiliza.

"Hapana yeye, maman," nilisema, kwa Kiswahili chetu cha Bukavu ambacho "ndiye" ni "njo". "Rafiki yake njo ameandika. Bienfait ako mugonjwa sana."

Nikaachia. Phonie ikavuma.

"Mugonjwa ya nini?"

"Ya kichwa."

"Ako na nani kule?"

"Ako na batu, maman. Haiko peke yake."

Nikaomba anipe Raphaël. Nikamwuliza kama amesikia, kwamba Bienfait ni mgonjwa sana, na neno la mwisho nililivuta. Raphaël akasema amesikia. "Sana," akarudia, naye akalivuta. Basi nikajua tumeelewana. Raphaël angekusanya wanaume wa ukoo jioni ile ile, wangeenda kwake, wangemkalisha, na kazi ingefanyika kama inavyopaswa. Nilifunga redio, nikaenda kunywa chai, na nisiseme uongo, nilijisifu moyoni.

Alhamisi Raphaël aliniita kabla ya saa yetu. Alisema Maman Agathe ameondoka jana asubuhi na majirani wawili, kwa miguu, anakuja Bukavu. Amebeba dawa za mti za kumtumia mtoto Nairobi.

Nikamwuliza kwani hakumwambia.

"Nilizania mutamwambia kule," alisema. "Ninyi njo muko na barua."

"Na miye nilizania utamwambia weye."

Kumbe aliposikia lile neno langu nililolivuta, yeye alielewa kwamba namwita mama aje, kama inavyofanyika siku zote. Mgonjwa akizidiwa mtu anaitwa. Akamtafutia wenzi wa njiani, akamfungia mihogo na chumvi. Alifanya kila kitu sawa. Na mimi nilifanya kila kitu sawa. Kati ya sawa yake na sawa yangu kulikuwa na mama mwenye miaka sitini na safari ya siku tisa kupita katikati ya vita. Kisha mtu tusiyemjua, labda askari mahali fulani, aliingia kwenye masafa yetu akasema neno moja tu la Kilingala, "Mawa," yaani huzuni, akatoka.

Barthélemy alipopata habari alikaa kwenye meza yangu akavua miwani. Alisema kama kisanduku kingekuwa Kitumbi, Raphaël angepokea barua ya Adalbert kama ilivyo, angejua jambo zima, asingemfungia mtu mihogo. Hakusema kwa kunilaumu. Hakujua habari za barua zangu za polepole. Nilimwambia amesema kweli, nikatoka nje nikasimama nyuma ya ghala nikiyatazama maji ya ziwa, na nilijichukia kwa namna ambayo sijajichukia tena tangu siku ile.

Nilimfuata kwa redio. Kila asubuhi niliita vituo vya njiani, nikauliza kama amepita mama mmoja mwenye furushi la majani ya migomba, yuko na wanawake wawili. Kamituga walimwona siku ya pili. Mwenga walisema wenzake wawili wamebaki pale, yeye ameendelea na watu wa soko. Mtawa mmoja wa Mwenga aliniuliza amwambie nini akimwona tena. Angeweza kumwambia ukweli, amrudishe. Nilishika kile kibonyezo mkononi nikafikiri. Aambiwe barabarani, amesimama, kati ya kizuizi na kizuizi, na watu asiowajua, kisha arudi peke yake siku nne na kitu kama kile kifuani? Nilisema ampe maji, basi. Mpaka leo sijui kama nilikosea mara moja au mara mbili.

Siku ya sita Burhale hawakumwona. Siku ya saba pia. Watu wa vituo vingine walianza kuniita wenyewe, wachimbaji, wauguzi, wanunuzi ambao kwa kawaida hawana muda na mtu, wakiuliza, yule mama amefika? Wote walijua anachokiendea. Msitu mzima ulijua, isipokuwa yeye.

Aliingia ofisini Ijumaa saa nane mchana. Nilimwona mlangoni, mdogo, mkavu, kitambaa kimefungwa kwenye unyayo mmoja, na nilimjua kabla hajasema. Yeye hakunijua. Alitazama chumba chote akimtafuta mwenye sauti ile.

"Wewe njo Micheline?" aliuliza. "Nilizania uko mama munene."

Nilisogeza kiti. Nikamwomba akae, apumzike kwanza. Alikitazama kile kiti, akakataa kwa kichwa. Alisema atakaa baadaye, kwanza dawa. Akafungua furushi lake juu ya meza, kando ya phonie, akaanza kunieleza. Hili gome linachemshwa mpaka maji yawe mekundu, anakunywa asubuhi tu. Majani haya ni ya kumfunga kichwani, yasikauke. Mzizi huu ni mkali, asipewe kama hajala. Alinitaka niandike, ili mtu wa kumpelekea kwa ndege ya Kavumu asichanganye.

Nikachukua kalamu nikaandika. Sijui ningefanya nini lingine. Niliandika asubuhi tu, niliandika yasikauke, niliandika asipewe kama hajala, kwa maandishi ya mtoto wa darasa la kwanza. Alingoja kila neno. Alipomaliza alikunja lile jani la mgomba taratibu, akaliweka pembeni.

"Umeandika yote?"

"Nimeandika yote, maman."

"Basi. Sasa uniikalishe."

Mpishi wetu Olive alikuwa amekwisha kuingia na mkeka. Hakuitwa na mtu. Tulimkalisha, Olive upande mmoja na mimi mwingine, tukamshika, na nikamwambia. Hakupiga kelele. Alilala ubavu kwenye mkeka na kutia mkono chini ya shavu, na sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, ya kuendelea, mpaka Olive naye akalia.

Baadaye, alipokubali maji, alisema alijua siku ya tatu, pale walipovuka mto, kwa jinsi wale wanawake wawili walivyombebea furushi bila kuombwa. Lakini miguu ilikataa kuamini, ikaendelea. Akanitazama moja kwa moja.

"Siku tisa nilitembea na mutoto muzima," alisema. "Sijue kama nikushukuru ao nikulaani."

Nilimjazia tena kikombe cha maji.

Tulimfanyia kilio katika vyumba vyangu viwili. Walikuja wanawake wa ofisi, walikuja watu wa Mwenga wanaoishi Bukavu, wakakaa siku tatu wakaondoka. Yeye alibaki akingoja unyayo upone. Asubuhi nilikuta ameamka, amefagia, amekaa kwenye kiti cha chini karibu na mlango. Nilipika mara mbili zaidi ya nilivyozoea. Nilitoa sahani ya Gracien, nikampakulia, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka minne kuosha sahani mbili. Ni aibu kusema, lakini nilifurahi yupo. Alikuwa na msiba wake na mimi nilikuwa na mtu wa kula naye.

Wiki ile ile vifaa vya Kavumu vikaachiliwa. Mwenyewe nilikuwa nimeandika barua ya mwisho Jumamosi, kurasa mbili kali, nikaipeleka kwa mkono wangu. Barthélemy alikuja na kisanduku ofisini, akakifungua mbele ya Maman Agathe kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga, akamweleza kwamba sasa kila barua itafika Kitumbi kama ilivyoandikwa, bila mtu katikati. Yeye alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama mashine itajua kwamba mtu amesimama. Barthélemy akasema haiwezi kujua. Basi nani atakuwa kando yake, akauliza tena. Barthélemy alikuna kichwa, halafu akatoa daftari la mradi na kuandika pale pale: barua ya msiba asipewe mwenyewe, wapewe majirani wawili. Nadhani huo ndio mstari pekee wa mradi ule ambao haukutoka kwenye vitabu.

Jumatatu, unyayo ukiwa umekauka, Maman Agathe alikuja kukaa nami kwenye chumba cha phonie. Palikuwa na picha ya Gracien ukutani, amevaa koti la harusi la kuazima. Akauliza ni nani. Nikamwambia. Akauliza yuko wapi, nikamweleza Kinshasa, wiki mbili zilizogeuka miaka minne, na intaneti, na jinsi alivyokuwa akiandika. Nilitoa faili. Nilikuwa nimezichapisha zote na kuzipanga kwa tarehe. Nikamsomea chache, zile za kuchekesha, ile ya Gracien kujaribu kupika sombe ya majani ya muhogo na kuunguza sufuria ya Edouard. Alitabasamu kidogo. Kisha nikamsomea na za karibuni, za Edouard, kwa hasira zangu zote, ili anisaidie kumsema mwanaume.

Nilisoma ile ya mwezi wa nne: ana homa, hawezi kuandika, anakusalimia. Nilisoma ya mwezi wa tano, ini. Nilisoma ile ya mwisho. "Dada, ndugu yetu amezidiwa sana. Kama njia ingekuwa wazi ningekuambia uje. Uwe karibu na watu wa kanisa." Nikaitupa mezani. Nikasema, unaona, maman, anataka nikae na watu wa kanisa wakati yeye anakaa na wanawake wa Kinshasa.

Maman Agathe hakucheka. Aliuliza kama yale ni maneno ya Gracien mwenyewe. Nikasema hapana, ni ya kaka yake. Akauliza yeye mwenyewe aliandika mwisho lini. Nikasema mwezi wa tatu. Alitazama picha, kisha akanitazama mimi, na niliuona uso wake ukibadilika. Nimewaona watu wakiwa na uso ule kwenye kilio, wakinyanyuka kumwendea anayeingia mlangoni.

"Micheline, mutoto yangu," alisema. "Ikala chini."

Nilikuwa nimesimama. Mimi, niliyelisema "mgonjwa sana" mbele ya nusu ya msitu wa Mwenga, niliyejua uzito wa lile neno na namna ya kulivuta, nilikuwa nimelisoma miezi minne kila saa nne na kila saa kumi, na nililiita mwanamke mwingine. Niliona afadhali nimchukie. Mtu unayemchukia yuko hai.

Aliteremka kwenye kiti chake akakaa sakafuni kwanza yeye, akanivuta mkono. Nikakaa. Simenti ilikuwa baridi. Tulikaa hivyo mpaka saa nne ilipofika na ikabidi kufungua mashine, kwa maana kazi ni kazi. Nilishusha kompyuta kutoka mezani, waya zake zilitosha, nikaiweka mapajani na kuandika hivi:

"Edouard. Nimekaa chini. Kando yangu kuna Maman Agathe wa Kitumbi, amenishika. Niambie."

Ikatuma. Edouard alikuwa mtu wa wiki mbili. Saa kumi jioni nilipofungua tena, jibu lilikuwa limefika, refu, kurasa tatu, bila kosa moja la haraka. Aliliandika zamani, akawa analo tu, akingoja nikae.

Nilimsomea Maman Agathe kwa sauti, kwa sababu hakujua kusoma na kwa sababu sikujua kusoma barua kwa njia nyingine. Gracien alikufa tarehe kumi na tisa mwezi wa tatu. Alizikwa na watu wa Bukavu walioko Kinshasa, waliimba kwa Mashi, lugha yetu, walimvalisha koti lake la kijivu. Edouard hakuweza kuniambia ndani ya kompyuta, mimi nikiwa peke yangu. Aliomba msamaha kwa kila barua moja moja. Nilisoma yote neno kwa neno. Safari hii sikuongeza kitu wala sikupunguza.

Saa kumi na moja Kitumbi ikaita. Raphaël aliita mara tatu, akauliza, kwani mimi simpati? Sikuweza kunyanyuka. Maman Agathe alijinyoosha, akaishika ile mikrofoni aliyoisemea Jumanne zote za maisha yake kutoka upande wa pili, akatafuta kibonyezo kwa kidole gumba.

"Raphaël, huyu ni Maman Agathe," alisema. "Micheline ameikala chini. Leo hasome barua."

Akaachia. Raphaël hakuuliza kwa nini. Akasema tu, "Kitumbi iko hapa." Kisha sauti nyingine, ya mbali, ikasema Kamituga iko hapa. Mtawa wa Mwenga akasema yupo. Burhale wakasema wapo. Wakaja na wengine ambao hawakuwa na saa yao kwangu siku ile, wanunuzi, wauguzi, na mtu mmoja asiyetaja kituo chake ambaye nadhani ni yule wa "Mawa." Hakuna aliyenijua uso. Walisema majina ya vituo vyao tu, mmoja mmoja, kisha wakaacha kusema lakini hawakufunga. Miaka yote ile sikuwahi kusikia phonie ikinyamaza na watu wote wakiwa ndani.